Pink Lady: Albamu ya Kiingereza iliyowapeleka nyota wa Japani Marekani

Mwaka 1979, wasichana wawili waliokuwa wakitamba kwenye muziki wa Japani walitoa albamu ya Kiingereza, lugha ambayo hawakuimudu. Lengo lilikuwa soko la Marekani. Albamu hiyo iliitwa Pink Lady, sawa na jina la kundi lao.

Pink Lady ni akina nani?

Ni Mie na Kei, yaani Mitsuyo Nemoto na Keiko Masuda, waliosoma pamoja mkoani Shizuoka. Mwaka 1976 walichomoza katika shindano la kusaka vipaji kwenye televisheni, na Agosti mwaka huohuo wakatoa wimbo wao wa kwanza, Pepper Keibu.

Mashairi yao yaliandikwa na Yu Aku, na muziki ukatungwa na Shunichi Tokura. Nyimbo zao tisa mfululizo zilishika namba moja nchini Japani. Mmoja wao, UFO, ulishinda tuzo kuu ya rekodi nchini humo mwaka 1978. Watoto wa shule waliiga miondoko yao ya kucheza.

Albamu yenyewe

Mtayarishaji alikuwa Mmarekani Michael Lloyd, na mtindo ulikuwa disko, uliokuwa ukivuma wakati huo. Wimbo Kiss in the Dark ulifika nafasi ya 37 katika chati ya Billboard ya Marekani.

Hayo hayakuwa mafanikio madogo. Kabla yao, msanii mmoja tu wa Japani alikuwa ameingia katika 40 bora za chati hiyo: Kyu Sakamoto, mwaka 1963. Lakini Sakamoto aliimba kwa Kijapani, na wimbo wake, uliojulikana Marekani kama Sukiyaki, ulikaa namba moja kwa wiki tatu.

Nini kilifuata?

Mwaka 1980, televisheni ya NBC iliwapa Mie na Kei kipindi chao. Kwa kuwa Kiingereza kiliwapiga chenga, walikariri matamshi ya maneno waliyopaswa kusema. Kipindi kilisitishwa baada ya kurushwa mara tano tu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Mwishoni mwa 1978 walikuwa wamekataa kushiriki Kohaku, tamasha la mkesha wa mwaka mpya la shirika la utangazaji NHK, linalotazamwa na mamilioni ya Wajapani. Baadaye safari za Marekani ziliwaweka mbali na mashabiki wao, na mauzo ya rekodi zao yakashuka.

Machi 31, 1981, walifanya onyesho la kuagana katika uwanja wa Korakuen jijini Tokyo, mvua ikinyesha. Kundi lilikuwa halijatimiza miaka mitano tangu wimbo wa kwanza.

Hata hivyo, Mie na Kei wamerudi jukwaani pamoja mara kadhaa tangu hapo. Nyimbo ambazo Wajapani huwaomba waimbe ni zile za awali, walizoziimba kwa Kijapani.