Sinema za kutisha zilivyozaa muziki wa metali ya Kigothi

MNAMO mwaka wa 1969, vijana wanne wa mji wa Birmingham, Uingereza, walikuwa wakifanyia mazoezi ya muziki katika jumba lililotazamana na ukumbi wa sinema. Bendi yao iliitwa Earth, jina ambalo tayari lilikuwa na mwenyewe, na kwa hivyo walikuwa wakitafuta jingine. Katika ukumbi ule ilionyeshwa filamu ya Mwitaliano Mario Bava ya mwaka wa 1963, ambayo kwa Kiingereza iliitwa Black Sabbath, na ambamo mwigizaji mkongwe Boris Karloff alishiriki. Vijana hao walistaajabu kuona watu wakipiga foleni ili walipie kuogopeshwa. Iwapo watu wako radhi kutoa fedha ili watiwe hofu, waliwaza, mbona pasiwe na muziki wa kuwatia hofu vilevile?

Wakalitwaa jina la filamu hiyo. Albamu yao ya kwanza, waliyoirekodi kwa siku moja tu, ilitolewa Ijumaa, Februari 13, 1970. Huanza kwa kishindo cha radi, mvua na kengele ya kanisa inayolia kwa mbali, kisha gita hupiga noti tatu nzito ambazo hata asiyejua lolote kuhusu muziki husikia kuwa zina kasoro fulani. Siri imo katika noti mbili kati ya hizo, ambazo umbali wake ni hatua tatu kamili za ngazi ya muziki. Zikipigwa pamoja au kwa kufuatana, sikio hubaki likingoja utulivu usiofika. Watungaji wa muziki wa filamu za kutisha walikuwa wakiujua ujanja huo tangu zamani.

Hapo ndipo ulipofungwa uhusiano kati ya sinema za kutisha na muziki wa metali, yaani ile roki nzito ya magita ya umeme. Anayetaka kuelewa kwa nini shabiki wa mojawapo aghalabu huwa shabiki wa nyingine hana budi kuanzia hapo.

Neno lenyewe "Gothi" lina safari ndefu. Wagothi walikuwa kabila la Kijerumani lililouteka mji wa Roma mwaka wa 410. Karne nyingi baadaye, wasomi wa Italia waliyaita makanisa marefu yenye matao yaliyochongoka "ya Kigothi" kwa nia ya kuyatusi, yaani majengo ya washenzi. Kisha mnamo 1764 Mwingereza Horace Walpole akachapisha riwaya The Castle of Otranto, iliyojaa ngome, mizimu na laana za ukoo, na toleo lake la pili likaitwa hadithi ya Kigothi. Tangu hapo neno hilo likashikamana na magofu, makaburi na mapenzi yasiyo na matumaini. Frankenstein ya Mary Shelley ikafuata mwaka wa 1818, na Dracula ya Bram Stoker mwaka wa 1897.

Sinema iliidaka Dracula mapema. Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza Nosferatu mwaka wa 1922 bila idhini ya warithi wa Stoker. Mjane wa mwandishi huyo alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1925 ikaamriwa kwamba nakala zote ziharibiwe. Chache zilinusurika, na hizo chache ndizo zilizotupa kile kivuli chenye kucha ndefu kinachopanda ngazi. Mwaka wa 1931 Bela Lugosi, mzaliwa wa Hungaria, akamwigiza Dracula huko Hollywood kwa lafudhi ambayo imeigwa hadi leo. Alipofariki mwaka wa 1956 alizikwa akiwa amevishwa joho la Dracula.

Baada ya Lugosi ikawa zamu ya kampuni ya Uingereza iliyoitwa Hammer. Filamu yake ya Dracula ya mwaka wa 1958, iliyoongozwa na Terence Fisher, ilimtambulisha Christopher Lee, mwanamume mrefu mwenye sauti iliyotoka kifuani kama ya mhubiri. Hammer ilileta rangi: damu nyekundu, mapazia mekundu, macho mekundu. James Bernard, aliyeitungia muziki wake, aliujenga wimbo mkuu juu ya silabi tatu za jina Dra-cu-la, hivi kwamba vyombo vinamwita kabla hajatokea. Kizazi cha vijana wa Uingereza kilikua kikizitazama filamu hizo, na baadhi yao baadaye wakashika magita.

Wa kwanza kumlilia Lugosi kwa sauti walikuwa Bauhaus, bendi ya mji wa Northampton. Mwaka wa 1979 walitoa wimbo wa zaidi ya dakika tisa uitwao Bela Lugosi's Dead, ambao wengi huuhesabu kuwa chimbuko la roki ya Kigothi. Ilikuwa roki nyembamba, yenye mwangwi na besi, si nzito. Uzito ulisubiri miaka kumi na miwili.

Mnamo 1991 bendi ya Paradise Lost kutoka Halifax, kaskazini mwa Uingereza, ilitoa albamu iliyoitwa Gothic. Waliuchukua mwendo wa polepole wa Black Sabbath, wakautia mngurumo wa sauti ya kiume, kisha wakaweka juu yake sauti nyororo ya mwanamke na vyombo vya okestra. Jina la albamu likawa jina la aina nzima ya muziki. Kwa maoni yangu hadi sasa ni vigumu kupata nyingine inayoshabihi ubaridi wake. Ukiisikiliza unahisi unyevu wa kuta za mawe.

Kutoka hapo metali ya Kigothi ilienea upesi. Ureno ilitoa Moonspell, Italia ikatoa Lacuna Coil, nayo Uholanzi Within Temptation. Lakini ni Wanorwe wa Theatre of Tragedy, kutoka mji wa Stavanger, walioonyesha wazi kabisa jinsi muziki huu unavyokula chakula cha sinema. Katika albamu yao ya mwaka wa 1996 mna wimbo, And When He Falleth, ambao katikati yake magita hupungua na badala yake yakasikika mazungumzo yaliyochotwa kutoka filamu The Masque of the Red Death ya mwaka wa 1964, Vincent Price akinena kwa ile sauti yake ya hariri. Msikilizaji asiyeijua filamu hiyo hudhani ni sehemu ya wimbo. Anayeijua hutabasamu gizani.

Tabasamu hilo ndilo kiini cha mapenzi ya shabiki. Yeye si mtu wa kutetemeka tu. Ni mtu wa kutambua. Chukua mfano wa Cradle of Filth, bendi ya Suffolk ambayo wajuzi hubishana bila kikomo iwapo ni ya Kigothi au la. Mwaka wa 1998 ilitoa albamu kuhusu Elizabeth Báthory, bibi wa kikabaila wa Hungaria aliyefariki mwaka wa 1614 akiwa ameshtakiwa kwa kuwaua wasichana. (Kisa cha kwamba alioga damu yao kiliandikwa zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, na wanahistoria hawakiamini.) Ili kusimulia sehemu za albamu hiyo, bendi ilimwalika Ingrid Pitt, mwigizaji yuleyule aliyeigiza mhusika wa aina hiyo katika Countess Dracula, filamu ya Hammer ya mwaka wa 1971. Miaka miwili baadaye wakamwalika Doug Bradley, yule mwenye misumari usoni katika Hellraiser ya 1987. Kwa shabiki wa kweli, kuisikia sauti hiyo ghafla katikati ya wimbo ni kama kukutana na jamaa katika mji wa ugenini.

Marekani ilikuwa na Type O Negative, bendi ya Brooklyn, New York. Kiongozi wake, Peter Steele, jitu la takriban mita mbili, alikuwa amefanya kazi katika idara ya bustani za jiji kabla ya albamu Bloody Kisses ya mwaka wa 1993 kumpa umaarufu. Muziki wake hutumiwa katika toleo moja la Nosferatu lililouzwa mwaka wa 1998. Watu husahau kwamba Steele alikuwa mcheshi mno. Wimbo wake uliopendwa kuliko yote unamkejeli msichana wa Kigothi anayehangaikia rangi nyeusi ya nywele zake, na wasichana haohao ndio walioununua. Alifariki mwaka wa 2010 akiwa na umri wa miaka 48.

Ucheshi huo wengi walio nje hawauoni. Wao huona nguo nyeusi, misalaba na majeneza, wakahitimisha kwamba mwenye kuvipenda anamwabudu shetani. Nchini Kenya hofu hiyo ilifika ngazi ya juu kabisa: mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani. Wazazi wa miaka hiyo wanakumbuka jinsi kijana aliyevaa fulana yenye fuvu alivyotazamwa kwa jicho la shaka.

Kwingineko shaka hiyo iligharimu zaidi ya jicho. Mnamo Mei 1993 wavulana watatu wa umri wa miaka minane waliuawa mjini West Memphis, jimbo la Arkansas, Marekani. Polisi walimkamata Damien Echols, mwenye umri wa miaka 18, pamoja na vijana wengine wawili wadogo kwake. Echols alipenda kuvaa nguo nyeusi, kusoma riwaya za kutisha za Stephen King na kusikiliza Metallica. Mahakamani mapendeleo hayo yaliwekwa mbele kana kwamba ni ushahidi, na shahidi aliyejiita mtaalamu wa mambo ya kichawi akaeleza maana ya fulana nyeusi. Mwaka wa 1994 Echols alihukumiwa kifo, na wenzake kifungo cha maisha. Uchunguzi wa chembechembe za urithi uliotangazwa mwaka wa 2007 haukuwahusisha na mahali pa mauaji. Waliachiliwa Agosti 19, 2011, kwa makubaliano ya kisheria yaliyowaruhusu kushikilia kuwa hawana hatia huku wakikiri kwamba upande wa mashtaka ulikuwa na ushahidi wa kuweza kuwatia hatiani. Walikuwa wamekaa gerezani miaka 18.

Aidha, mnamo Agosti 2007, katika bustani ya umma mjini Bacup, Uingereza, Sophie Lancaster, msichana wa miaka 20 aliyevalia mavazi ya Kigothi, alishambuliwa na kundi la vijana alipokuwa akijaribu kumkinga mpenzi wake, ambaye walikuwa wakimpiga. Alifariki siku 13 baadaye. Jaji alisema wawili hao walishambuliwa kwa sababu ya jinsi walivyoonekana. Tangu mwaka wa 2013 polisi wa Greater Manchester huandikisha mashambulizi ya namna hiyo kuwa uhalifu wa chuki, sawa na yale ya kikabila au kidini. Inashangaza kidogo kwamba katika visa vyote viwili watu walioambiwa wawe na hofu ya mashabiki ndio hasa waliokuwa salama.

Wanasayansi nao wameyachungulia mapenzi haya. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, uliochapishwa mwaka wa 2015, uliwachukua wasikilizaji 39 wa muziki mkali, ukawachokoza hadi wakakasirika, kisha ukawaachia nyimbo wazipendazo. Hasira haikuzidi, muziki uliwasaidia kuipitia hisia hiyo na wakajihisi wamechangamka. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka wa 2021, uligundua kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walionyesha msongo mdogo wa mawazo wakati wa janga la Covid-19 kuliko watu wengine. Tafiti hizi ni ndogo na si za kumaliza ubishi, lakini zinaafikiana na lile ambalo mtoto yeyote aliyelelewa kwa ngano za mazimwi analijua: hofu iliyo na mwanzo na mwisho, ukiwa umeketi karibu na bibi, ni tamu.

Kwa sasa mashabiki wana makusanyiko yao. Mji wa Leipzig, Ujerumani, huwapokea takriban 20,000 kila mwaka katika tamasha lililoanzishwa mwaka wa 1992. Whitby, mji wa pwani ya Uingereza ambako katika riwaya ya Stoker meli ya Dracula hutua ikiwa na nahodha maiti, umekuwa na mkutano wao tangu 1994. Wavuvi na wenye mikahawa wa huko walikwisha kuwazoea.

Afrika Mashariki haina bendi kubwa ya Kigothi, ingawa Nairobi ina metali yake. Duma, kundi la vijana wawili, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka wa 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki wao ni mkali na wa kasi, haufanani na ule wa Paradise Lost, lakini giza wanalolichimba ni lilelile.

Kuhusu Christopher Lee, alikubali mwishowe kwamba mashabiki wake wengi walikuwa wa metali. Alitoa albamu ya metali kuhusu mfalme Charlemagne mwaka wa 2010, akiwa na umri wa miaka 87, na nyingine mwaka wa 2013. Mwaka huo wa 2010 jarida moja la metali la Uingereza lilimtunuku tuzo. Aliyemkabidhi ni Tony Iommi, mpiga gita wa Black Sabbath, ambaye akiwa kijana wa miaka 17 alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani, akajitengenezea vidole vya plastiki kwa chupa ya sabuni aliyoiyeyusha, na baadaye akazilegeza nyuzi za gita lake ili zisimuumize. Kulegeza huko ndiko kulikozidisha uzito wa sauti ambayo wote waliofuata waliirithi.

Anayetaka kuonja na aanze na Nosferatu, ambayo ni filamu bubu na hivyo haihitaji kujua Kijerumani, kisha Dracula ya 1958, halafu albamu Gothic usiku taa zikiwa zimezimwa. Cradle of Filth waje mwisho. Na mwenye watoto nyumbani atazame kwanza alama ya umri iliyotolewa na bodi ya filamu, kwani nyingi za filamu za baada ya 1970 si za macho ya watoto.