Tani Kumi na Tano na Mabega ya Watu

Oktoba 1917, huko Jüterbog, kusini mwa Berlin, Wajerumani walipoteza zepelini L57, chombo chao cha angani, ikiwa bado kwenye majaribio. Ilibuniwa kwa kudondosha mabomu, kisha ikarefushwa hadi mita 226 hivi ili ilipelekee jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki, risasi, bombomu na dawa. Safari ilikuwa ya kwenda tu. Huku hakukuwa na hidrojeni ya kuijaza tena, kwa hiyo ingefumuliwa, turubai lake lishonwe mahema na injini zake zizalishe umeme. Nahodha Ludwig Bockholt aliirusha hali ya hewa ikiwa mbaya. Iliporudi, upepo uliizuia isiingie bandani, ukaiburura mpaka ikateketea. Wapo wanaoamini kwamba dhoruba ile iliwanyang'anya Wajerumani Afrika Mashariki. Ushahidi wa Arusha na Meru unanionyesha vingine: Vita vya Kwanza vya Dunia huku viliendeshwa kwa mabega ya watu, na hakuna chombo cha angani ambacho kingewapokea mzigo huo.

Chukua hesabu yenyewe. Shehena iliyokusudiwa ilikuwa tani 15 hivi. Mpagazi mmoja alibeba ratili 60, yaani kilo 27, kwa hiyo zepelini nzima ni mizigo kama 555, ambayo baada ya kutua ingehitaji tena watu 555 wa kuitoa hapo ilipo. Sasa tazama yaliyotokea Aprili 1916, mwezi mmoja tu baada ya Waingereza kuiteka Arusha. Jenerali Jacob van Deventer, wa upande wao, aliondoka na wapanda farasi, akauteka mlima Lolkisale, akafika Kondoa Irangi. Masika yakamfuata nyuma: magari yakazama matopeni, farasi wakafa kwa mamia, na kwa majuma kadhaa chakula kilichofika mbele ni kile kilichobebwa na wapagazi kutoka Lolkisale, mwendo wa kilomita 190 hivi. Mtu anayetembea kilomita 20 kwa siku, akila kilo moja ya unga, anamaliza karibu kilo 20 kwenda na kurudi. Kinachomfikia askari hakizidi theluthi ya mzigo. Ndiyo maana jeshi dogo lilikula maelfu ya watu, na upande wa Waingereza peke yake wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Kwa Waarusha na Wameru kazi ya shuruti haikuwa ngeni. Boma la Arusha, ambamo leo mna Makumbusho ya Elimu Viumbe, walilijenga wao kwa amri ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19.

Atakayepinga ana hoja nzito: wakati. Katikati ya Oktoba 1917 Lettow-Vorbeck alipigana Mahiwa, akashinda lakini akabaki karibu hana risasi. L57 ingefika siku zile, ingemwokoa. Ni kweli kwamba ndugu yake, L59, iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba, ikiwa imechelewa mno. Usiku wa kuamkia tarehe 23 ilirudishwa kwa redio ikiwa juu ya Sudan, baada ya kusafiri zaidi ya nusu ya njia. Lakini tarehe 25 Novemba, siku ileile L59 ilipotua tena Bulgaria, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuiteka ngome ya Wareno ya Ngomano, akajipatia bunduki na risasi tele. Alichokikosa angani alikiokota kwa miguu, akapigana mwaka mzima zaidi, mpaka akasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Na bunduki za Ngomano nazo zilihitaji wa kuzibeba: Wajerumani waliwachukua wanavijiji wa Msumbiji, kama walivyowachukua wa kwetu.