Kariakoo na ile “e” yangu

Wadau, mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwamba jina Kariakoo limetokana na “Carrier Corpse”. Mhariri alicheka mpaka machozi, akaifuta ile “e”. “Corps” ni kikosi, hutamkwa “koo” tu, p na s hazisikiki. “Corpse” ni maiti. Nilichemsha, nakubali.

Lakini Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916, wapagazi wa kikosi hicho walipiga kambi hapa hapa tunaponunulia vitenge. Katika vita ile Afrika Mashariki walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara na malaria, si risasi. “E” yangu haikuwa mbali sana na ukweli.

Nenda Posta, Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927: mwanajeshi na bunduki yake. Mpagazi hakusimamishwa kando yake. Nairobi wamemsimamisha kando ya askari.