Cherehani ya Bi Mkubwa

Najua nimekaa kimya muda mrefu, mpaka Mama Mdogo akauliza kama nimeolewa na Mbelgiji nikawasahau. Hapana, ni zamu za usiku tu. Leo habari ni ndefu, kwa hiyo chukueni chai kwanza.

Nyote mnaijua hadithi ya Bi Mkubwa, mama yake bibi: kwamba alimuuza mwanawe wa kwanza, Ramadhani, kwa wazungu, akalipwa cherehani. Mimi nimeisikia tangu mdogo, arusini, misibani, na kila tukigombana na majirani ("hao si ndio wauza watoto?"). Bi Mkubwa alifariki 1983 bila kumjibu mtu. Cherehani iko sebuleni kwa Shangazi mpaka leo.

Haya. Babu Ramadhani yu hai, anaishi huku Ubelgiji, saa moja tu kwa treni kutoka kwangu Brussels. Binti yake ndiye aliyetutafuta. Baadhi yenu mlishalisikia hilo simuni, lakini ya jalada hamjayasikia.

Kwanza nieleze, maana vijana wetu hawakufundishwa haya shuleni. Enzi za Wabelgiji, mtoto wa mama Mwafrika na baba mzungu alihesabiwa kuwa tatizo la serikali. Watoto hao waliondolewa kwa mama zao, wengine wakiwa wadogo kabisa, wakapelekwa kwenye vituo vya wamisionari kama Save kule Rwanda na Katende kule Kasai, Kongo. Ilipokaribia 1962, mwaka wa uhuru wa Rwanda na Burundi, watoto wapatao 300 wa Save waliletwa huku wakagawiwa kwa familia na vituo. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa, majina yakabadilishwa. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni kwa niaba ya nchi. Na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya hapa Brussels iliamua, katika kesi ya akina mama watano waliolelewa Katende, kwamba serikali ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000. Mahakama ya kwanza ilikuwa imewakatalia 2021, wao hawakukata tamaa.

Siku hizi wako watafiti wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa wanaowasaidia wahusika kutafuta majalada yao. Babu alipopata nakala ya lake alikuja nayo kwangu ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani, akaiweka mezani jikoni, akasema kwa Kifaransa chake cha Kiflemi, "Soma wewe, mimi macho yangu mabaya." Macho yake hayana kitu jamani. Tangu utoto aliambiwa kwamba mama yake hakumtaka, akaishi na hilo miaka zaidi ya sitini.

Karatasi ya mwaka 1954 kutoka Usumbura inasema mama "amekubali", na chini kuna alama ya dole gumba. Karatasi yenyewe ni Kifaransa kitupu. Mimi kazini siruhusiwi kumpeleka mgonjwa chumba cha upasuaji kwa ridhaa ya namna hiyo, asiyejua lugha wala kusoma, na hakuna aliyeandika kwamba alitafsiriwa. Nikafungua ukurasa wa mbele. Mwaka 1955 karani ameandika kwamba mwanamke huyo amekuja tena kumuulizia mtoto, aambiwe jambo hilo limekwisha. Nikamsomea Babu neno "tena". Akaomba nilirudie. Nikalirudia mara tatu.

Lakini jalada nalo si msahafu. Jina la Bi Mkubwa limeandikwa namna mbili, zote makosa. Baba "hajulikani", na kurasa mbili mbele anatajwa mpaka kazi yake! Tarehe ya kuzaliwa Babu wameweka 1 Januari 1950, tarehe ya mtu asiyeulizwa. Sisi nyumbani tunajua aliitwa Ramadhani kwa sababu alizaliwa mwezi wa mfungo, na mwaka huo mfungo ulianza katikati ya Juni. Kwa hiyo hapo midomo ya wazee imelishinda jalada, kama mwaka wenyewe hawakuukosea pia. Babu amekuwa akikata keki Januari maisha yake yote, maskini.

Ikabaki cherehani. Hapo ndipo nilipomsumbua Shangazi anipigie picha ya namba iliyogongwa kwenye chuma. Singer za zamani zinajulikana umri kwa namba hiyo, orodha zake zipo kwenye intaneti. Ya kwetu ina herufi mbili na tarakimu sita, na orodha inasema ni ya kiwanda cha Clydebank, Scotland, mwaka 1957. Mtoto alichukuliwa 1954! Hakuna mtu anayelipwa kwa mashine ambayo bado haijatengenezwa. Bibi nilipompigia simu alinyamaza, kisha akakumbuka kwamba mama yake alikuwa akiuza vitumbua usiku na kutunza fedha kwenye kopo la maziwa. Mbona hakutuambia siku zote? Anasema hakuna aliyemuuliza.

Nimeyaandika haya yote ili Mjomba ayasome kwa sauti Ijumaa mkikusanyika, na wale wa nyumba ya pili waitwe wasikie.

Babu anakuja Juni inshallah. Shangazi, nakuomba usiipake rangi cherehani, anataka kuiona ilivyo. Na mwambieni Bibi aache kuuliza avae nini. Naishia hapa, zamu yangu inaanza saa tatu usiku na nje kuna mvua.