Safu ya Lugha: Majuto si toba

Siku hizi mtu akijilaumu mwaka hadi mwaka kwa kosa lile lile, husemwa "ametubu". Hapana, anajuta. Kujuta ni kuumia moyo kwa ulilotenda au uliloacha kutenda; toba, neno tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni kurejea, na anayerejea hatua zake ziko leo. Utaniambia hakuna toba bila majuto. Kweli, wanazuoni wa Kiislamu huyahesabu katika masharti yake, lakini pamoja na kuacha kosa papo hapo na kuazimia kutolirudia; na haki ya mtu irudishwe. Majuto peke yake hayarudishi hata senti. (Aliyefikwa na msiba asiousababisha hajuti wala hatubu: anasikitika.) Basi, waandishi, anayeililia jana mwiteni mwenye majuto, toba mwekeeni aliyekwisha kugeuka.