Inspekta Derrick na faili lililokaa miaka sabini

Wiki hii seva zimenitesa vya kutosha, kwa hivyo leo hakuna habari za programu. Leo nataka kuwaandikia juu ya askari.

Waliokua miaka ya tisini wakitazama KBC watamkumbuka. Inspekta Stephan Derrick wa polisi ya Munich, Ujerumani: mrefu, koti la mvua, macho yenye mifuko chini yake. Pembeni yake alikuwapo msaidizi wake Harry Klein, ambaye kazi yake, kwa jinsi tulivyoona sisi watoto, ilikuwa kuendesha BMW. Kwetu tulikuwa na Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Betri ikianza kuisha picha ilinywea pande zote, na Derrick akabaki mwembamba kama ufito. Wajerumani wale walizungumza Kiingereza ambacho midomo yao haikukifuata. Baba hakujali. Alichokipenda ni kwamba askari huyu alibisha mlango na kungoja afunguliwe. "Mtazameni," alikuwa akituambia, "hajampiga mtu hata kofi, na amejua." Katika Kenya ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la kukodolea macho.

Kipindi kilianza tarehe 20 Oktoba 1974 kwenye kituo cha ZDF na kikafika mwisho Oktoba 1998. Jumla yake ni vipindi 281, na vyote viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Mnaoandika programu mnajua maana ya hilo. Kazi iliyoandikwa na mtu mmoja kwa miaka 24 huwa na tabia zake, nzuri na mbaya, na hakuna wa kumrekebisha. Hapo mwanzoni mtazamaji alionyeshwa muuaji mapema, na raha ilikuwa kumwona Derrick akimsogelea polepole. Baadaye ikabidi tukisie wenyewe. Kiliuzwa katika nchi zaidi ya 100, na ndivyo kilivyofika hadi sebuleni kwetu.

Aliyeigiza Derrick alikuwa Horst Tappert, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Elberfeld. Baada ya vita aliomba kazi ya uhasibu katika ukumbi wa maigizo mjini Stendal, akaishia jukwaani. Jina lake lilivuma kwanza kwa kuigiza mwizi, si askari: mwaka 1966 alikuwa kiongozi wa genge katika filamu ya televisheni kuhusu wizi mkubwa wa treni uliotokea Uingereza mwaka 1963. Derrick alipostaafu, Tappert alitoa kitabu cha maisha yake ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Derrick na Mimi: Maisha Yangu Mawili. Alifariki Desemba 2008, na watu wengi walimlilia.

Sasa sikilizeni. Aprili 2013, msomi wa Kijerumani anayeitwa Jörg Becker alikuwa akitafiti maisha ya mtu mwingine kabisa, Elisabeth Noelle-Neumann, yule mama mashuhuri wa kura za maoni. Hakuwa akimwinda Tappert. Lakini karatasi alizozipata zilionyesha kwamba mwaka 1943 Tappert alikuwa askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Hitler, katika divisheni ya Totenkopf, yaani Fuvu la Kichwa. Divisheni hiyo ilipoundwa mwaka 1939, sehemu kubwa ya askari wake walitoka miongoni mwa walinzi wa kambi za mateso. Tappert mwenyewe, alipoulizwa habari za vita, aliwahi kusema kwamba alikuwa mhudumu wa tiba jeshini. ZDF ikatangaza kwamba haitarudia tena vipindi vyake.

Kinachonikosesha usingizi mimi kama mtu wa hifadhidata ni hiki: rekodi ilikuwapo. Haikuchomwa. Ilikaa miaka sabini katika kumbukumbu za wanajeshi, na mwenye jina lile alikuwa mmoja wa Wajerumani waliojulikana zaidi duniani. Hakuna aliyeingiza jina na kubonyeza.

Na Reinecker je? Yake hata haikuwa siri. Alihariri magazeti ya vijana wa Hitler na alikuwa mwandishi wa vita wa Waffen-SS. Nilipojua hilo nilirudi kuvitazama vipindi kadhaa kwa jicho jingine. Munich ya Derrick imejaa wazee wenye majumba makubwa na siri nzito, na katika vile nilivyoviona, hakuna hata mmoja anayeulizwa alifanya nini kabla ya 1945.

Sikubaliani na ZDF. Kuondoa vipindi ni kama kufuta logi kwa sababu inaonyesha hitilafu. Na kijana wa miaka 19 au 20 katika Ujerumani ya 1943, ambaye karatasi zile hazikusema aliingiaje, si mtu wa kuhukumiwa kwa mstari mmoja. Ila ile miaka sitini na kitu ya kunyamaza inanikera. Derrick alipata riziki kwa kuketi mbele ya watu na kungoja waseme. Wengi wao mwishowe walisema.

Sikukuu iliyopita nilikwenda nyumbani na vipindi vichache kwenye kompyuta. Baba ni mzee sasa, macho yamepungua. Nilimweleza yote kabla sijamfungulia. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akauliza, "Na yule kijana wa gari?"

Nikamwambia Fritz Wepper alizaliwa 1941, vita vilipoisha alikuwa mtoto mdogo, na alifariki Machi 2024.

"Basi weka," akasema. "Lakini usiongeze sauti sana."

Tulitazama viwili. Katika cha pili alisinzia kabla muuaji hajapatikana, nami nikakizima.