Masomo ya chuo kikuu wakati wa korona (Karagwe na Kyerwa)

Masomo ya vyuo vikuu, Kiingereza kikiwemo, yalisimama Tanzania Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa tarehe 16. Wanafunzi wanaotoka Karagwe na Kyerwa, wilaya jirani za Mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi 2012, walirejea nyumbani. Vyuo vingi nchini havikuhamishia ufundishaji mtandaoni. Vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Hata kama vingefundisha mtandaoni, vijijini kusoma kwa intaneti kunategemea simu janja, bando, umeme na mtandao. Kwa somo la lugha kama Kiingereza, pengo la kukaa bila masomo ni zito: matamshi na mazungumzo hujengwa kwa kusikilizana, na nyumbani husikika zaidi Kinyambo na Kiswahili.